Figo Katika Mji wa Shaba

Reli ilipofika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea Rhodesia kupitia Sakania, ilileta mashine za mgodi, makaa ya mawe, na Wazungu waliokuja kutafuta utajiri. Ugonjwa walioogopa kupita mengine ulitambulika kwa rangi ya mkojo. Mtu mwenye malaria, aliyekuwa akimeza kwinini leo na kuiacha kesho, alishikwa ghafla na baridi kali, mgongo ukamwuma, na alipokwenda kujisaidia akaona mkojo mweusi kama kahawa. Chembe nyekundu za damu zilikuwa zimepasuka kwa wingi ndani ya mishipa, na rangi yake ilikuwa ikimwagikia kwenye figo. Aliyeendelea kukojoa alikuwa na matumaini. Mkojo ukikatika, daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kumwangalia.

Homa ya mkojo mweusi iliwashika zaidi wageni. Wenyeji waliokulia kwenye malaria walikuwa wamejenga kinga, tena hawakuwa wakimeza kwinini ovyo. Hivyo figo iliyowashughulisha madaktari wa kikoloni ilikuwa kwanza figo ya Mzungu. Figo ya mchimbaji mweusi ilikuja kuzungumzwa baadaye sana, na kucheleweshwa huko kunaeleza mengi juu ya tiba ya Lubumbashi hata leo.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza ilimiminwa kando ya mto Lubumbashi Juni 1911. Kampuni ilihitaji maelfu ya watu, ikawatafuta mbali, na wengi wao walikufa kwa nimonia, kuhara damu, homa ya matumbo na, mwaka 1918, kwa mafua makubwa yaliyozunguka dunia. Serikali nayo ilikuwa na hofu yake: kati ya 1910 na 1912 ujumbe wa kisayansi ulioongozwa na daktari Jérôme Rodhain ulichunguza malale katika jimbo la Katanga, kwa kuwa malale yalikuwa yakimaliza vijiji ambavyo wafanyakazi wangetoka. Mwaka 1923 madaktari wawili wa kampuni, Arthur Pearson na René Mouchet, walichapisha kitabu cha usafi wa kambi za wafanyakazi: vyoo vikae wapi, chakula kiwe kiasi gani, nyumba zipishane vipi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kumruhusu mfanyakazi akae na mke na watoto, huduma zilipanuka hadi wodi za uzazi na kliniki za kupima watoto uzito.

Isemwe wazi kwamba tiba hiyo iliokoa watu wengi. Lakini kipimo chake kilikuwa siku za kazi. Ugonjwa ulioangusha watu wengi kwa mpigo ulionekana haraka kwenye hesabu. Figo inayochakaa kidogo kidogo kwa miaka kumi haina homa, haina upele, haiambukizi kambi. Mtu huchoka, miguu huvimba, hamu ya chakula hupotea. Mfanyakazi aliyeishiwa nguvu alirudishwa kwao, na kwa kampuni kisa chake kiliishia hapo.

Mji wenyewe ulijengwa kwa fikra hiyohiyo. Ukanda mtupu, ambao mwishowe ulifikia upana wa mita 700, uliwatenga Wazungu na mtaa wa Waafrika, ambao leo ni Kamalondo. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: iliaminiwa kwamba hawezi kuruka umbali huo. Mweusi alikuwa na hospitali yake, na Mzungu yake. Katika hospitali za Waafrika ndimo walimofanya kazi wauguzi na wasaidizi wa kitabibu wa Kikongo, watu waliojua kuchoma sindano, kufunga vidonda na kusoma damu kwa hadubini, ila walizuiwa kuitwa madaktari. Mmoja wa watu wa kazi hiyo alikuwa Jason Sendwe, aliyezaliwa mwaka 1917 upande wa Kabongo. Baadaye aliingia siasa, akaongoza chama cha Balubakat, akauawa Albertville Juni 1964. Hospitali kuu ya Lubumbashi ina jina lake, na ni haki kabisa kwamba jina lililo juu ya lango lake ni la mtu aliyewahi kuwauguza wagonjwa mwenyewe.

Mwaka 1941, London ikiwa chini ya mabomu ya Wajerumani, daktari Eric Bywaters aliona jambo lililomshangaza. Watu walifukuliwa hai kutoka kwenye vifusi, miguu imebanwa kwa saa nyingi, wakaonekana wamepona. Baada ya siku chache mkojo ukawa mweusi, ukapungua, wakafa. Safari hii rangi ilitoka kwenye misuli iliyopondwa, lakini njia ya kifo ilikuwa ileile iliyojulikana Katanga: figo zimesimama. Kila mgodi wa chini ya ardhi, Kipushi ukiwemo, ulibeba hatari hiyo ya jabali kumwangukia mtu. Madaktari wa vita na wa migodi walikabiliwa na swali moja. Figo zikisimama kwa wiki mbili kisha zikaamka, nani atafanya kazi yao katika wiki hizo mbili?

Jibu lilianzia Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Mwaka 1943 Willem Kolff alitengeneza pipa la mbao, akalizungushia mrija wa selofeni wa kufungia soseji, akapitisha damu ya mgonjwa ndani ya mrija huo huku pipa likizunguka ndani ya maji ya chumvi. Uchafu wa damu ulipenya selofeni na kubaki majini. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Septemba 1945 mwanamke mwenye miaka 67 alizinduka, akapona.

Kilichomshinda Kolff kilikuwa mlango wa kuingilia kwenye damu. Kila mara alipotaka kuisafisha ilibidi apasue mshipa, na mshipa uliopasuliwa haukufaa tena. Mgonjwa alikuwa na mishipa michache tu ya kutumia kabla ya njia kuisha. Kwa mtu ambaye figo zake zingeamka, hiyo ilitosha. Kwa mtu ambaye figo zake zimekufa moja kwa moja, mashine ilikuwa ya kurefusha siku tu. Historia ya dialisisi, yaani kusafisha damu badala ya figo, tangu hapo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutafuta mlango unaodumu.

Machi 1960, mjini Seattle, Belding Scribner aliweka mirija miwili ya Teflon kwenye mkono wa mgonjwa aliyeitwa Clyde Shields, mmoja kwenye ateri na mwingine kwenye vena, na kuiunganisha kwa nje ili damu ipite daima bila kuganda. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka uliofuata Stanley Shaldon wa London alionyesha kwamba katheta, yaani mrija mwembamba, inaweza kupitishwa kwa sindano na waya kwenye mishipa ya paja, bila kupasua. Mwaka 1966 madaktari wa Bronx, akina Brescia na Cimino, walitangaza njia iliyo bora hadi leo: kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, vena ikapanuka na kukomaa, kisha ikachomwa sindano mara tatu kwa wiki kwa miaka mingi. Fistula, kama inavyoitwa njia hiyo, haina kitu kigeni mwilini. Ila inahitaji wiki kadhaa za kukomaa, na mgonjwa lazima afike kwa daktari kabla hali haijawa mbaya.

Miezi mitatu na zaidi baada ya Shields kupewa mirija yake, Kongo ilipata uhuru, na Julai 11, 1960 Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja wa Kikongo mwenye shahada kamili ya udaktari. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa kigeni na kuwapeleka wasaidizi wa kitabibu wapatao 60 Ufaransa wamalizie masomo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria mashine ya figo.

Hata huko Seattle mashine hazikutosha. Kamati ya raia wa kawaida iliteua nani aingie na nani akae nje, na Wamarekani waliposoma habari hizo katika jarida la Life mwaka 1962 walishtuka. Lubumbashi haijawahi kuwa na kamati ya namna hiyo. Uteuzi umekuwa ukifanywa na fedha.

Wakati Katanga inarudi chini ya Kongo, Januari 1963, Ubelgiji ilikuwa karibu kufanya jambo ambalo lingebadili tiba duniani kote. Juni 3 mwaka huohuo, katika hospitali ya Saint-Pierre mjini Louvain, daktari mpasuaji Guy Alexandre alitoa figo kwa mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekufa lakini moyo bado unadunda, akampandikizia mgonjwa. Figo ilianza kazi mara moja. Mgonjwa aliishi siku 87, akafa kwa maambukizi. Wenzake wengi walimpinga. Miaka mitano baadaye kamati ya Harvard ilitoa tafsiri ya kifo cha ubongo iliyofungua njia aliyokwisha kuipita. Kabla yake, upandikizaji wa kwanza ulioshinda kwa uhakika, ule wa Joseph Murray mjini Boston Desemba 1954, ulifanyika baina ya pacha wanaofanana. Sayansi hiyo ilikuwa ikikua ndani ya Chuo Kikuu cha Louvain, kilichokilea chuo kikuu cha Lovanium cha Kinshasa, huku Élisabethville, yenye chuo kikuu cha serikali tangu 1956, ikibaki na wodi zake za malaria na ajali za migodi.

Chuo hicho nacho kiliyumbishwa. Mageuzi ya mwaka 1971 yaliunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mafunzo ya udaktari yakakusanywa Kinshasa. Lubumbashi ilipata tena chuo kikuu chake mwaka 1981, lakini fani kama tiba ya figo hujengwa kwa mwalimu kumrithisha mwanafunzi, na mnyororo huo ulikuwa umekatika.

Kilichobaki imara wakati huo kilikuwa Gécamines, mrithi wa Union Minière. Mfanyakazi wake alikuwa na nyumba, shule, unga na hospitali. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha za mkupuo, wakapoteza hospitali. Wengi walikuwa wamefikia umri ambao presha na kisukari huanza kuonyesha madhara yake, na hayo ndiyo magonjwa mawili yanayoua figo kuliko mengine. Mtu aliyekuwa akipimwa presha bure kazini akaanza kulipia kila kipimo. Hapa ndipo historia ya mgodi na historia ya figo zinapokutana waziwazi, na inastahili kuandikwa kwa kina kuliko ilivyoandikwa hadi sasa.

Uchunguzi wa daktari Ernest Sumaili na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima waliopimwa Kinshasa, asilimia 12.4 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Wengi wa namna hiyo hawajui kwamba wanaumwa. Mwaka huohuo timu ya Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ikishirikiana na chuo cha Leuven, ilichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi ajabu, na pia kadimiamu, risasi na urani. Kadimiamu inajulikana duniani kwa kudhuru mirija ya figo. Kupima kilichomo ndani ya mkojo ni hatua moja; kumfuata mtu huyohuyo miaka kumi na kuona figo zake zinakwenda wapi ni hatua nyingine, na hiyo ndiyo ambayo Katanga inaihitaji. Kanda hii imewahi kuthibitisha faida ya utafiti wa namna hiyo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliovimba mwili kwa sababu ya figo kuvujisha protini, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Swali moja liliulizwa vizuri kando ya kitanda, na adui akajulikana.

Lubumbashi ya leo ina mashine za dialisisi, chache, na familia hulipia kila kipindi mfukoni. Mgonjwa wa kawaida hafiki na fistula iliyokomaa. Anafika usiku, anahema, potasiamu imepanda, ndugu wamekwisha kuuza kiwanja. Daktari anaweka katheta ya dharura, na mahali anapoiweka patatawala maisha ya mtu huyo kwa miaka.

Kwa muda mrefu madaktari wengi duniani walipenda mshipa wa chini ya mtulinga, maana katheta hukaa vizuri hapo na haimsumbui mgonjwa. Mwaka 1991 watafiti wa Ufaransa walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 50 waliowekewa hapo na 50 waliowekewa shingoni. Mshipa ulikuwa umesinyaa kwa asilimia 42 ya kundi la kwanza, na asilimia 10 tu ya kundi la pili. Mshipa huo ukisinyaa, mkono wa upande ule haufai tena kwa fistula. Mlango wa kudumu umefungwa na mlango wa dharura. Tangu hapo shingo upande wa kulia imekuwa chaguo la kwanza, sindano ikiongozwa na ultrasaundi, na kwa anayehitaji miezi mingi kuna katheta inayopitishwa chini ya ngozi ikiwa na pete ya kitambaa, aina iliyoelezwa mwaka 1988, ambayo huzuia vijidudu kupanda.

Pasipo na ultrasaundi, utafiti mwingine wa Ufaransa unafaa kukumbukwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, wagonjwa mahututi 750 waligawanywa kwa kura, wengine wakawekewa katheta shingoni na wengine pajani. Kwa jumla paja halikuleta vijidudu zaidi, isipokuwa kwa watu wanene. Kwa daktari wa zamu aliye peke yake na mgonjwa anayezama, hiyo ni ruhusa yenye ushahidi: paja la mtu mwembamba, kwa siku chache, si kosa.

Bado kuna mambo ambayo Ufaransa haiwezi kuijibia Lubumbashi. Kipindi kimoja cha saa nne hutumia kiasi cha lita 120 za maji yaliyosafishwa maalumu, katika mji ambako umeme na maji hukatika. Bandeji ya shingoni hurudi nyumbani mtaani Katuba au Ruashi kwa teksi, katikati ya vumbi la kiangazi. Katheta iliyo chini yake inadumu siku ngapi kabla ya homa kuanza? Jibu liko kwenye daftari za wodi za hapahapa, zikiandikwa.

Njia ya pili ni kusafisha damu kupitia utando wa tumbo, bila mashine na bila umeme. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza mpango huo mwaka 2009 kwa watu ambao figo zilisimama ghafla, na wengi wa wagonjwa wake wa kwanza walipona. Lakini hata hapa katheta ndiyo huamua. Jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2002, kwa watu 70 walioangushwa na malaria kali na maambukizi mengine, lilikuta asilimia 47 ya waliosafishwa kwa tumbo walikufa, dhidi ya asilimia 15 ya waliochujwa damu. Watafiti hao walisafisha tumbo kwa mirija migumu na mfumo wa wazi. Mrija laini wa Henry Tenckhoff, uliojulikana tangu 1968, na mifuko iliyofungwa vimebadilisha hali hiyo mahali pengi. Somo hilo linaihusu Kongo moja kwa moja, kwa kuwa homa ya mkojo mweusi haijaisha: madaktari wa Kinshasa wameieleza kwa watoto wa Kikongo katika karne hii, na figo zilizosimama pamoja nayo.

Upandikizaji umesogea karibu. Nairobi ilitangulia kwa miongo. Muhimbili ilifanya wa kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma Machi 2018, King Faisal ya Kigali mwaka 2023, Mulago Desemba mwaka huohuo baada ya Uganda kutunga sheria ya viungo. Katika nchi hizo figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Familia za Lubumbashi zenye uwezo huenda Afrika Kusini au India, kisha hurudi na deni la dawa za kila siku, za kuzuia mwili usiikatae figo, kwa maisha yote. Kenya ilionyesha njia nyingine ya kubeba mzigo huu pale bima yake ya taifa ilipoanza kulipia vipindi viwili vya dialisisi kwa wiki. Jimbo linalouza kobalti na shaba kwa dunia nzima halina kisingizio cha kuwaachia wagonjwa hesabu hiyo peke yao.

Kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Hospitali ya Sendwe, hospitali za chuo kikuu na kliniki binafsi zifungue daftari moja la pamoja la kila katheta ya dialisisi inayowekwa mjini: mshipa gani, kwa ultrasaundi au bila, iliingia lini, ilitoka lini, kwa nini. Wauguzi waache kuchoma sindano kwenye mkono usiotumika sana wa mgonjwa wa figo, maana mshipa ule ni fistula yake ya kesho. Na kila mwana-Lubumbashi aliyepita miaka 40, hasa aliyefanya kazi mgodini au anayeishi karibu na tanuru, apime presha, sukari na mkojo mwaka huu.